Che alipovuka ziwa kutoka Kigoma

Mgeni akifika Kigoma hupelekwa Ujiji kuoneshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Usiku mmoja wa Aprili 1965 hausimuliwi sana. Usiku huo Ernesto Che Guevara alipanda mashua hapa Kigoma kuvuka Ziwa Tanganyika, na alfajiri ya tarehe 24 akashuka Kibamba, upande wa Kongo, kuwasaidia waasi wa huko. Walikuwa Wakuba 14, yeye akiwamo, nao walijipa majina ya Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, Che akawa Tatu.

Miezi miwili kabla, katika hotuba huko Algiers, alizishutumu waziwazi hata nchi za kijamaa zilizoendelea: zikinunua mazao ya maskini kwa bei ya soko la mabepari, nazo zinashiriki unyonyaji. Kwake, tajiri hawezi kujenga ujamaa kwa jasho la mwingine. Shaba ya Katanga, huko Kongo, iliitajirisha Ubelgiji. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe, hukohuko Kongo, iliingia kwenye bomu la Hiroshima. Hoja hiyo ya unyonyaji ndiyo iliyompeleka ng'ambo ya ziwa letu.

Lakini kumbukumbu alizoandika Dar es Salaam baada ya kushindwa zinarudia kero moja: Laurent Kabila, kiongozi wa waasi, yuko wapi? Kila mara habari zilitoka Kigoma kwamba anakuja. Juni 29 Wakuba wanne waliuawa katika shambulio la Bendera, naye hajaonekana. Kabila alivuka Julai, akahutubia, wapiganaji wakapata ari, na Che mwenyewe akavutiwa naye. Baada ya siku tano akarudi Kigoma, akisema anakwenda kuonana na Soumialot, kiongozi mwenzake wa waasi. Ari ikaporomoka palepale.

Che aliiona Kigoma kuwa mji wa starehe, uliowanasa viongozi na wapiganaji waliokuja kupumzika. Maneno hayo yanatuuma, na naona hakututendea haki. Bandari hiihii ndiyo iliyopitisha silaha, chakula na dawa zake, huku boti za adui zikipiga doria ziwani.

Oktoba Tshombe, waziri mkuu wa Kongo, aliondolewa madarakani, Tanzania ikaomba msaada wa Wakuba ukome. Novemba 21 walivuka kurudi Kigoma. Kabila alikuja kuingia Kinshasa kwa ushindi mwaka 1997.

Shaba na kobalti za Kongo bado zinalisha viwanda vya ng'ambo. Mwanafunzi wa Buzebazeba, hapa Kigoma, anaishi karibu na ziwa lililovukwa kwa ajili ya hoja hiyo ya Che. Afundishwe hotuba ya Algiers na safari ya Kibamba, pamoja na kuchelewa kwa Kabila.