Fedha Zenye Sharti: Wanawake na Chuo cha Tiba cha Johns Hopkins

Chuo cha Tiba cha Johns Hopkins, mjini Baltimore nchini Marekani, kilifunguliwa Oktoba 1893 kikiwa na wanafunzi 18, watatu kati yao wanawake. Nafasi za wanawake hao hazikuwa hisani ya wakuu wa chuo. Ziligharimiwa na wanawake wenzao.

Mfanyabiashara Johns Hopkins alifariki mwaka 1873 akiwa ameacha wasia wa dola milioni 7 za kuanzisha chuo kikuu na hospitali. Sehemu kubwa ya mali ya chuo ilikuwa hisa za reli ya Baltimore and Ohio. Chuo kikuu kilianza mwaka 1876, na hospitali ikafuata mwaka 1889, lakini hisa hizo zilikuwa zimeacha kutoa gawio, na chuo cha tiba kikakosa fedha.

Mabinti wanne wa wadhamini wa chuo, Mary Elizabeth Garrett, M. Carey Thomas, Mary Gwinn na Elizabeth King, waliona hapo nafasi ya kuwafungulia wanawake mlango. Walianzisha mfuko na kuunda kamati katika miji mbalimbali. Ya Washington iliongozwa na Caroline Harrison, mke wa Rais. Kufikia mwaka 1890 walikuwa wamechangisha takriban dola 100,000, karibu nusu yake kutoka kwa Garrett. Wadhamini walizipokea shingo upande, wakasema chuo hakitafunguliwa mpaka zitimie dola 500,000. Desemba 1892 Garrett, aliyerithi utajiri wa baba yake, rais wa reli ile ile, akatoa dola 306,977 zilizokuwa zimebaki.

Hakutoa bure. Alitaka wanawake wapokewe kwa vigezo vile vile vya wanaume. Alitaka pia kila mwombaji awe na shahada ya kwanza, amesoma fizikia, kemia na biolojia, na aweze kusoma Kifaransa na Kijerumani. Wakati huo vyuo vingi vya tiba nchini humo vilipokea wanafunzi wasio na shahada yoyote. Baadhi ya maprofesa waliona masharti hayo ni mazito mno. William Osler alimtania mwenzake William Welch kwamba wana bahati kuingia kama walimu, kwani kama wanafunzi wasingepokewa. Garrett hakulegeza msimamo, na hapo ndipo ukubwa wa mchango wake ulipo: uliinua elimu ya tiba kwa wote. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 kuhusu vyuo vya tiba ilikitaja chuo hicho kuwa mfano wa kuigwa.

Florence Sabin, aliyehitimu mwaka 1900, alikuwa mwanamke wa kwanza kufikia uprofesa kamili chuoni hapo, mwaka 1917. Helen Taussig, mhitimu wa 1927, alibuni wazo la upasuaji wa moyo uliofanywa hapo mwaka 1944 kuokoa watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo.

Sharti la Garrett lilihusu chuo cha tiba peke yake. Katika masomo ya shahada ya kwanza, Johns Hopkins haikupokea wanawake hadi mwaka 1970.