Swichinuru juu ya dhahabu

Kuna molekuli zinazogeuza umbo zikimulikwa. Naziita swichinuru, kwa kufuata usanisinuru, neno linalojulikana na kila aliyesoma biolojia: humo nuru ndiyo mtenda, wala si mtendwa.

Mfano maarufu ni azobenzini, yaani pete mbili za kaboni zilizounganishwa na atomi mbili za nitrojeni. Ikiwa imenyooka, ina urefu wa takriban nanomita 0.9. Imulike kwa mionzi ya urujuanimno, nayo hujikunja hadi ncha zake kubaki umbali wa nanomita 0.55 hivi. Mwanga wa buluu huinyoosha tena. G. S. Hartley aliligundua umbo hilo lililojikunja mwaka 1937.

Hayo hutokea vizuri ndani ya kimiminika. Ilaze molekuli hiyohiyo juu ya dhahabu, na mara nyingi haigeuki kabisa. Ikishapokea nishati ya mwanga, huhitaji kama sehemu moja ya trilioni ya sekunde ijikunje, na elektroni huru za metali huichukua nishati hiyo mapema zaidi.

Tukio hilo tuliiteje? Uzimaji ndilo neno linalokuja haraka, nami nalipinga. Swichi ikizimwa imefanya kazi yake, ilhali hii imenyimwa nafasi ya kuifanya. Napendekeza upokonyaji nishati, kwa kuwa linamtaja anayechukua na kinachochukuliwa.

Linaeleza pia dawa yake. Mwaka 2007 watafiti wa Berkeley, Marekani, waliipa azobenzini vikundi vinne vya tert-butili, vikawa miguu ya kuiinua kidogo kutoka kwenye dhahabu. Kwa hadubini yenye ncha kali inayopapasa uso wa metali, waliziona molekuli mojamoja zikigeuka kwa urujuanimno, kisha zikirudi. Zisizo na miguu hiyo hazikugeuka. Huko Groningen, Uholanzi, mwaka 2003, molekuli za aina nyingine zilizobanwa kati ya ncha za dhahabu ziligeuka upande mmoja tu: ziliacha kupitisha umeme vizuri, zisirudi.

Lakini metali haizuii tu. Watafiti wa Berlin walionyesha kwamba katika molekuli hizo zenye miguu, mwanga hufyonzwa kwanza na dhahabu yenyewe. Elektroni zake zikiruka huacha matundu, na tundu likifika usoni huchukua elektroni ya molekuli, ndipo molekuli inapogeuka. Kwa hiyo katika istilahi hii neno nishati lisidondoshwe kamwe: kupokonywa elektroni kunaweza kuigeuza molekuli ambayo kupokonywa nishati kungeizuia.