Amana

Mkulima wa chai wa Rungwe akimwachia jirani debe la maharage mpaka atakaporudi kutoka Mbeya, ameweka amana. Jirani hana ruhusa ya kuyapika wala kuyakopesha. Hiyo ndiyo maana ya asili ya neno hili, lililotujia kutoka Kiarabu likiwa limebeba uaminifu ndani yake.

Benki zimelichukua neno, zikaliacha sharti lake. Pesa unayoipeleka dirishani pale Tukuyu mjini hukopeshwa wengine, nawe unabaki kuwa mdai wa benki. Tofauti hiyo huionji mpaka milango ifungwe. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo Njombe Community Bank ya mkoa jirani kabisa. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. (Mfilisi, si mufilisi: wa kwanza hukusanya mali na kuigawa, wa pili ndiye aliyeishiwa.) Kikomo cha fidia wakati ule kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Mwenye milioni 4 za ada na mbolea alibaki kusubiri zilizosalia mpaka madeni ya benki yakusanywe na mali za benki ziuzwe.

Kumwambia mtu huyo kwamba alikuwa na amana ni kumdhulumu mara ya pili. Benki ziandike juu ya fomu, kwa Kiswahili cha wazi, ni kiasi gani kina bima. Nawe msomaji, uliza kabla hujatia saini.