Vicky Ntetema: kutoka maikrofoni ya BBC hadi kuwasomesha watoto wenye ualbino

Julai 2008, Vicky Ntetema alieleza kupitia BBC jambo ambalo watu wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, walikuwa wakilisema kwa kunong'ona: watu wenye ualbino wanauawa kwa ajili ya viungo vyao. Wakati huo alikuwa mkuu wa ofisi ya shirika hilo Dar es Salaam. Alijifanya mfanyabiashara anayesaka utajiri wa haraka, akawazungukia waganga wa kienyeji kumi. Baadhi yao walikuwa tayari kumpatia dawa iliyochanganywa na viungo vya mtu mwenye ualbino, na bei ilianzia dola 2,000. Taarifa ilipotoka, vitisho vikaanza, na mwandishi akalazimika kujificha.

Wengi wangeishia hapo, na hakuna ambaye angewalaumu. Ntetema aliendelea, na mimi naona kazi aliyoifanya baadaye, isiyo na kishindo cha redio, ndiyo inayostahili kuandikwa zaidi.

Serikali ya Tanzania haikukaa kimya wakati ule. Aprili 2008, Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni nchini humo. Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa miaka 14. Kosa lenyewe lilikuwa limeshavuka mpaka: mwaka huo mahakama ya Ruyigi, Burundi, nayo iliwatia hatiani watu kwa mauaji ya aina hiyohiyo.

Mwaka 2010 Ntetema alipewa tuzo ya ujasiri ya wakfu wa kimataifa wa wanahabari wanawake, IWMF. Katika kipindi hicho aliacha utangazaji na kuwa mkurugenzi mtendaji wa Under The Same Sun nchini Tanzania. Shirika hilo lilianzishwa 2008 na Peter Ash, Mkanada mwenye ualbino aliyewahi kuwa mchungaji na mfanyabiashara. Mwandishi aliyezoea kufukuzia habari sasa akawa na bajeti, wafanyakazi, na mamia ya watoto wanaosubiri karo.

Watoto hao ndio kiini cha historia hii. Mauaji yaliposhamiri, serikali iliwakusanya watoto wenye ualbino katika shule na vituo kama Buhangija mjini Shinyanga, Mitindo huko Misungwi na Kabanga wilayani Kasulu. Nia ilikuwa njema, na maisha yaliokolewa. Lakini vituo vilifurika, na wapo watoto walioletwa wakiwa wadogo mno wakakua bila kujua sura za wazazi wao. Under The Same Sun ilichagua njia nyingine: kuwalipia watoto karo katika shule binafsi za bweni, wasome darasa moja na wenzao wasio na ualbino. Huko anayeketi kando yako anajifunza mwenyewe, bila semina, kwamba wewe si mzimu wala mkosi. Naamini uamuzi huo umevunja imani potofu nyingi kuliko matamko ya majukwaani.

Shule peke yake haitoshi. Mtoto mwenye ualbino huona kwa shida, kwa hiyo anahitaji kuketi mbele, karibu na ubao, na kupewa maandishi makubwa. Anahitaji pia kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Panga ndilo lililoandikwa magazetini, lakini jua huua wengi zaidi: katika nchi zetu, saratani ya ngozi huwamaliza watu wengi wenye ualbino kabla hawajafika miaka 40. Inakadiriwa kwamba Tanzania ina mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, na mafuta ya kukinga jua yana gharama ambayo mkulima haimudu. Ndiyo maana kiwanda kidogo cha mafuta ya Kilisun katika hospitali ya KCMC, Moshi, kina uzito mkubwa.

Kazi ya shirika ilifika hadi Umoja wa Mataifa. Desemba 2014, Baraza Kuu lilitangaza Juni 13 kuwa Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Mwaka uliofuata, Ikponwosa Ero wa Nigeria, mwanasheria aliyekuwa akifanya kazi Under The Same Sun, akawa mtaalamu huru wa kwanza wa Umoja huo kuhusu haki za watu wenye ualbino. Aliyempokea kijiti mwaka 2021 ni Muluka-Anne Miti-Drummond, anayetoka Zambia, nchi tunayopakana nayo hapa Sakania, Congo. Ntetema mwenyewe aliitwa Washington mwaka 2016 kupokea tuzo ya kimataifa ya wanawake jasiri.

Hata hivyo, mwisho wa Mei 2024 mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Muleba, Kagera, na akakutwa ameuawa. Februari 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba Tanzania haikuwalinda ipasavyo raia wake wenye ualbino, na ikaitaka irekebishe sheria yake ya uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928.

Congo nayo ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu, iliyotiwa saini Mei 3, 2022. Viongozi wa Haut-Katanga, wakuu wa shule na maparoko kuanzia Sakania hadi Lubumbashi, msisubiri damu imwagike ndipo muifungue sheria hiyo. Waandikisheni watoto wenye ualbino shuleni, waketisheni mbele, na mafuta ya kukinga jua yawekwe kwenye vituo vya afya pamoja na dawa za malaria.