Nyangumi Asiyesafiri

Mwaka jana, tulipokusanyika Maskati kwa arusi ya jamaa, tulipanda mashua alfajiri kwenda kutazama pomboo. Walitokea kwa makumi, wakiruka na kujizungusha hewani, na wajukuu waliozaliwa Uingereza wakajaa furaha. Nahodha akatwambia kwamba kusini zaidi, upande wa Masirah na Dhofar, wako nyangumi. Mjukuu mmoja akauliza: “Babu, na hao nyangumi huenda Unguja kwa upepo wa msimu, kama walivyokuwa wakienda wazee?” Sikuwa na jibu. Niliyoyapata baadaye nayaandika hapa, kwa kuwa yanatuhusu sote.

Habari za nyangumi wa njia ile ni kongwe. Al-Masudi, mwanahistoria aliyezaliwa Baghdad, alisafiri mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917 Miladia, kutoka Kanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi hukidhania kuwa ni Pemba, hadi Oman. Katika kitabu chake Muruj al-Dhahab amemtaja samaki mkubwa mno wa Bahari ya Zanji, ambaye pezi lake huchomoza majini mfano wa tanga, na mabaharia wakigonga mbao na kupiga ngoma usiku na mchana ili kumfukuza. Humo humo ameisifu ambari ya pwani ya Zanji na ya Shihr. Ambari hiyo, ambayo bibi zetu waliihifadhi sandukuni pamoja na udi, hutoka tumboni mwa nyangumi wa kichwa kikubwa alaye ngisi. Basi wazee walimwogopa mnyama, na harufu yake wakaithamini.

Lakini nyangumi aliyemkusudia nahodha wetu ni yule mwenye nundu na mapezi marefu. Huyo, kila apatikanapo duniani, ni msafiri. Wale waonekanao pwani ya Kenya na Unguja, hasa baina ya Julai na Oktoba, hutoka bahari ya barafu ya kusini, wakaja kuzaa kwenye maji ya joto, kisha wakarudi walikotoka. Wa Oman hawafanyi hivyo. Wao hukaa katika Bahari ya Uarabuni mwaka mzima. Hapo hula, na hapo huzaa. Uchunguzi wa nasaba zao, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wametengana na wenzao wa kusini kwa muda wa miaka ipatayo 70,000. Hata nyimbo waimbazo chini ya maji si zile za wenzao wa upande wa Madagaska.

Kinachowaweka ni upepo tunaoujua: kusi. Majahazi ya Sur na Maskati yaliteremka Unguja kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Kusi hiyo hiyo ifikapo pwani ya Dhofar, ambako huitwa khareef, huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya chini yakapanda na rutuba yake. Samaki wadogo wakastawi, na nyangumi akapata riziki bila kuifuata mbali. Upepo uliowarudisha wazee wetu nyumbani ndio umpao yeye sababu ya kutoondoka.

Kukaa kwake, hata hivyo, hakukumsalimisha. Katika 1965 na 1966 meli za Muungano wa Kisovieti ziliwaua nyangumi 242 wa aina hii katika bahari hiyo, karibu wote katika Novemba 1966. Ilikuwa miaka miwili na ushei baada ya Mapinduzi ya Unguja, wakati jamaa zetu wengi wangali wakitafuta nchi ya kuwapokea. Mauaji yale yalifichwa kwa muda wa miaka thelathini hivi. Hesabu iliyofanywa kutokana na picha zilizopigwa Oman hadi 2004 ilikadiria nyangumi 82 tu. Leo adui wao mkubwa ni jarife: nyangumi hunaswa akitafuta chakula pale pale wavuvi wanapotafuta chao.

Mwishoni mwa 2017 watafiti walimfungia nyangumi jike chombo cha kufuatilia mwendo wake. Jina lake ni Luban, yaani ubani. Alivuka bahari hadi ncha ya kusini ya India, kisha akarejea Oman. Kusini kwetu hakufika.

Basi hili ndilo jibu langu kwa mjukuu. Hapana, hawaendi Unguja. Sisi tuliondoka, tukarudi, tukaondoka tena, na kila tulipofika tulikuta watu wa kutupokea. Nyangumi hawa hawana pwani nyingine. Wakiisha hapo, hakuna jamaa zao watakaokuja kutoka kusini kuwarithi. Nasi twendapo kuwatazama, tumwambie nahodha apunguze mwendo, asiwakatie njia, wala asiwatenge mama na mtoto wake. Mabaharia wa Al-Masudi waligonga mbao ili nyangumi aondoke. Kwetu sisi imebaki heshima ya kunyamaza, ili abaki.