Miaka 30 ya Paris kwenye michikichi ya Rumonge

Katika sheria ya ardhi ya Burundi, mtu aliyeishika ardhi kwa amani na kwa uwazi, bila kudaiwa, huweza kuwa mmiliki wake kwa kupita kwa muda tu. Wanasheria huiita kanuni hiyo kwa Kifaransa, prescription. Asili yake ni Roma ya kale. Sheria ya Napoléon ya mwaka 1804 iliipa kipimo cha miaka 30, Ubelgiji ikakirithi, na utawala wake wa kikoloni ukaja nacho Afrika. Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986, Code foncier, ilishika kipimo kilekile: miaka 30, au 15 kwa aliyeikalia ardhi kwa nia njema.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, hesabu ni nyingine. Waingereza waliitawala Tanganyika kwa sheria nyingi za India, mojawapo ikiwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1908. Tanzania iliifuta mwaka 1971 kwa kutunga yake, lakini miaka 12 ya madai ya ardhi ikabaki.

Huko Rumonge, kusini mwa Burundi, kipimo hicho cha Paris kilikutana na mauaji. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikashambuliwa, kisha jeshi likalipiza kisasi kwa kuua Wahutu wengi nchi nzima. Waliookoka wakakimbilia Tanzania, wengi wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao katika uwanda wa Imbo wakapewa wengine, na baadhi yakaingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali. Miaka 30 ilitimia 2002, wengi wa wenye mashamba wakiwa bado ukimbizini.

Kumhesabia muda mtu aliyefukuzwa kwa bunduki ni dhuluma juu ya dhuluma. Mkataba wa amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ulilitambua hilo: mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, au alipwe fidia ya haki.

Swali gumu zaidi lilikuwa lile la nia njema. Aliyepewa shamba na ofisa wa serikali, akapanda michikichi, akakamua mawese na kusomesha watoto, je, alikuwa mwizi? Wengine walijua shamba ni la nani, wengine walizaliwa humo. Bashingantahe, wazee wasuluhishi wa Kirundi, hupiga chini fimbo yao, intahe, wanapotoa hoja, na hutaka kusikia majirani wa zamani: nani alipanda mti huu, mpaka ulipita wapi. Kwao itongo, shamba la ukoo, huthibitishwa kwa ushuhuda kabla ya karatasi.

Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Chini ya padri Astère Kana, pande mbili zilihimizwa kugawana shamba. Mrithi wake, Sérapion Bambonanire, alielemea kumrudishia mkimbizi shamba lote, na waliotolewa wakalalamika kwamba sasa wao ndio wasio na pa kulima. Mwaka 2014 ikaanzishwa mahakama maalumu ya ardhi kusikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya tume. Muda wa CNTB ulikwisha mwaka 2022.