Matango Yaliyosingiziwa: Onyo la Chakula Kabla ya Ushahidi

Mei 2011 hospitali za Hamburg, Ujerumani, zilianza kupokea watu wazima, wengi wao wanawake waliokuwa na afya njema, wakiharisha damu huku figo zao zikishindwa kufanya kazi. Tarehe 26, Cornelia Prüfer-Storcks, msimamizi wa afya katika serikali ya jiji hilo, alitangaza kwamba bakteria wa E. coli wamekutwa kwenye matango ya Hispania. Siku 5 baadaye vipimo vikaonyesha kuwa bakteria wa kwenye matango hawakuwa wale waliokuwa wakiua watu. Habari hiyo iliwakuta wakulima wa Andalusia, Hispania, wameshaanza kumwaga mazao, na tarehe 2 Juni Urusi ikapiga marufuku mboga mbichi zote za Umoja wa Ulaya.

Kumlaumu Prüfer-Storcks ni rahisi. Lakini angenyamaza, kisha matango yakawa ndiyo chanzo, angeulizwa kwa nini aliacha watu wafe. Onyo la mapema lilistahili kutolewa. Kasoro ni kwamba lilipokewa kama hukumu, wakati lilikuwa bado dhana, na mlaji aliyeishia kwenye tangazo la kwanza alibaki akiogopa tango huku akiendelea kula sumu yenyewe.

Chanzo halisi kilijificha mahali ambapo kumbukumbu ya mtu haifiki. Katika utafiti mmoja, robo tu ya wagonjwa walikumbuka kula machipukizi ya mbegu. Nani hukumbuka kitu kilichonyunyizwa kidogo tu juu ya saladi? Wachunguzi wa Taasisi ya Robert Koch, taasisi ya afya ya umma ya Ujerumani, wakaacha kutegemea kumbukumbu. Walikusanya oda na risiti za wateja wa mkahawa mmoja, kisha wakamhoji mpishi: sahani hii uliweka nini, na kiasi gani? Wote walioumwa walikuwa wameandaliwa mlo wenye machipukizi.

Tarehe 10 Juni onyo la matango likafutwa. Machipukizi yalitoka shamba moja la Bienenbüttel, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mbegu za uwatu zilizoagizwa kutoka Misri. Ni uwatu uleule ambao jikoni za pwani yetu huutia kwenye achari. Hatari haikuwa kwenye kiungo kinachopikwa, bali kwenye mbegu iliyooteshwa siku kadhaa katika unyevu na joto, mazingira ambayo bakteria huyapenda, kisha ikaliwa mbichi. Ujerumani pekee iliuguza watu zaidi ya 3,800, 53 walifariki.

Marekani ilipata somo la namna hiyo Novemba 2018. Kwa sababu ya mlipuko wa E. coli, wananchi waliambiwa wasile letasi yoyote ya aina ya romaine, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutofautisha ya shamba hili na ya shamba lile. Siku chache baadaye onyo likabanwa kwenye maeneo machache ya California, na wauzaji wakakubali kuandika kwenye pakiti mahali letasi ilikovunwa na lini.

Afrika Mashariki hali ni tofauti kulingana na bidhaa. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Liliweza kuzitaja kwa kuwa pakiti ina jina. Fungu la mchicha gengeni halina jina. Tenga la nyanya hupita kwa mkulima, dalali, msafirishaji na mchuuzi, na mara nyingi halibaki na hata karatasi moja ya kueleza lilikotoka. Likizuka balaa kama la Hamburg, onyo litalazimika kutaja nyanya zote, na wakulima wote watalipa.

Kwa hiyo daftari la dalali lenye tarehe, jina la kijiji na idadi ya matenga ni kifaa cha afya ya umma, na halmashauri zinazotoza ushuru wa soko zinapaswa kulidai. Msomaji naye asiishie kwenye tangazo la kwanza: aulize bidhaa gani, ya wapi, ya lini, kisha afuatilie mpaka onyo lithibitishwe au lifutwe.